Kukodi gari ya usukani wa kushoto Kigali: uzoefu wangu na ile huduma ya dereva wa kukaa pembeni

Wakuu habari za muda huu. Nimeulizwa sana kuhusu kuendesha gari Rwanda, hasa na watu wa Mwanza, Kahama, Geita na Ngara ambao Kigali kwao ni karibu kuliko Dar, sasa naandika yote hapa ili anayejipanga kwenda ajue anaenda kukutana na nini na hela yake aiweke wapi. Nazungumzia huduma ya kampuni moja ndogo ya kukodisha magari pale Remera, karibu na Kisimenti, ambayo ukikodi kwao gari ya usukani wa kushoto wanakupa na dereva wao wa kukaa kiti cha pembeni kwa nusu siku mpaka uzoee kupita kulia. Jina lao siliweki mana nina malalamiko nao kadhaa nitayasema huko chini na tumeshayamaliza, alafu kampuni za namna hii Remera na Kimironko ziko nyingi, cha muhimu ujue cha kudai popote utakapoenda.

Niseme mapema kabisa kwamba hiyo nusu siku ya dereva wa pembeni ndio hela bora niliyotoa safari nzima. Gari yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, RAV4 ya zamani ya otomatiki, zile ambazo Kigali ziko kila kona. Ukiniambia leo nichague kati ya gari mpya bila mtu wa kunielekeza na ile RAV4 na yule dereva pembeni, nachukua RAV4 na dereva bila kufikiria mara mbili.

Kwa ambaye hajawahi kufika, sisi Tanzania na Kenya na Uganda tunapita kushoto, ila Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanapita kulia, wote tumo Jumuiya moja ya Afrika Mashariki lakini ukivuka mto Kagera pale Rusumo barabara inageuka. Rwanda waliwahi kufikiria kuhamia kushoto wafanane na sisi, wakalichunguza lile jambo, na mpaka leo wako kulia na gari zao karibu zote ni usukani wa kushoto. Kwa hiyo una njia mbili, uende na gari yako yenye usukani wa kulia au upande basi mpaka Kigali ukodi ya kwao. Mimi nimefanya zote. Mwanzo nilienda na IST yetu, kaka yangu akiwa pembeni, safari hii nimepanda basi na kukodi, ndio mana nasema naweza kulinganisha.

Kuhusu kwenda na gari yako, mpakani hakuna shida kubwa. Rusumo ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa rasmi 2016 pamoja na lile daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja, unaonyesha kadi ya gari, leseni, na bima ya COMESA ile kadi ya njano ambayo bora uikate huku huku kwa wakala wa bima kabla hujasafiri. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, kule imepigwa marufuku toka 2008 na wanakagua kweli. Na saa yako rudisha nyuma saa moja. Hilo watu wanalisahau alafu wanafika kwenye miadi mapema sana au wanalalamika kwamba mwenye gari kachelewa wakati wao ndio bado wako kwenye saa za Tanzania.

Shida inaanza ukishatoka pale na kukamata barabara ya kwenda Kayonza. Barabara ni nzuri, lami safi, ila ni milima na kona mwanzo mwisho, alafu kuna malori mengi ya transit na kule mabasi ya abiria na malori yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, kwahiyo utakuwa nyuma ya lori muda mrefu na utatamani kuovateki. Sasa usukani wako uko kulia, na wewe unapita kulia, maana yake umekaa upande wa mtaro. Mbele yako ni mgongo wa lori tu. Ili uone kama kuna gari inakuja inabidi utoe karibu gari nzima kwenye njia ya wenzako, na ukishaitoa kiasi hicho kama kuna kitu kinakuja huna muda. Kaka yangu ndio alikuwa macho yangu, anachungulia anasema bado, bado, kuna Coaster, tulia, haya sasa nenda, na mi nakwenda kwa neno lake bila kuona chochote. Madereva wa malori yetu wanaweza hii kazi kwa sababu wana utingo aliyezoea na wao wenyewe wamekaa juu, wewe wa IST umekaa chini, jamani kama uko peke yako kwenye gari ya usukani wa kulia usiovateki kule, kaa nyuma ya lori mpaka Kigali, Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160 tu, utafika.

Na kuna taa. Hili hata mafundi wengi huku hawakuambii. Taa za gari zetu zimetengenezwa kwa ajili ya kupita kushoto, ukiweka dimu ule mwanga unanyanyuka kidogo upande wa kushoto ili umulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Ukihamia kulia ule mwanga ulionyanyuka unaenda moja kwa moja machoni kwa anayekuja, ndio mana usiku watu wanakuwashia fulu njia nzima na wewe unashangaa mbona nimeweka dimu. Kuna wanaobandika tepu nyeusi kwenye kioo cha taa kuziba sehemu ile, mimi naona rahisi zaidi ni kutosafiri usiku kabisa na gari ya kutoka huku.

Wanaoenda na basi nao niwape neno moja. Mabasi yetu mlango uko kushoto, kwahiyo ukifika upande wa Rwanda ukishuka unashukia katikati ya barabara sio pembeni. Kama una watoto waambie mapema, na mshike mkono, na ukivuka barabara popote kule angalia kushoto kwanza mana gari ya kwanza kukufikia inatokea kushoto. Mtu mzima aliyezoea kutupa jicho kulia alafu akaingia barabarani ndio anayegongwa, hata London wameandika chini kwenye lami upande wa kuangalia kwa ajili ya wageni wanaotoka nchi za kulia.

Haya, sasa kampuni yenyewe.

Niliwasiliana nao kwa WhatsApp nikiwa bado Mwanza, kijana aliyejibu anaongea Kiswahili vizuri tu, na Kiswahili kule ni lugha rasmi toka 2017 kwahiyo msiogope, maofisini na hata trafiki wengi mnaelewana. Gari dola 45 kwa siku, dereva wa kukaa pembeni franga 15,000 kwa nusu siku, na dhamana ya dola 100 inayorudi ukirudisha gari salama. Walitaka leseni yangu na pasipoti. Nikawaambia wazi kwamba sijawahi kuendesha usukani wa kushoto, wakasema basi kijana wetu atakuja na gari hotelini.

Alikuja mtu wa makamo kidogo, mpole, anaongea kile Kiswahili cha Kigali chenye Kifaransa ndani yake na Kinyarwanda. Nilivyoona anakaa kiti cha abiria nikajua tunaondoka, kumbe hapana. Tulikaa gari ikiwa imezimwa pale pale maegesho ya hoteli kama robo saa anataka nizoee mikono. Gari zetu za Kijapani indiketa iko mkono wa kulia na waipa kushoto, kule imegeuka, ukienda kwa mazoea unataka kuonyesha unakunja na waipa ndio zinaanza kufagia kioo kikavu, na anayekufuata nyuma hajui kama unakunja. Akawa anasema kulia, nawasha, kushoto, nawasha, zima, kulia tena, mpaka mkono ukaacha kuuliza. Alafu vioo. Kile kioo cha ndani cha kati sasa kiko kulia kwako, na jicho lililozoea linaenda kushoto juu linakuta nguzo ya mlango. Akanifanyisha na hiyo. Pedeli akaniambia usijali hazijabadilika, klachi kama ipo iko kushoto, breki katikati, mafuta kulia, duniani kote. Kwa wale wa gia za mkono, mpangilio wa gia ni ule ule lakini mkono umebadilika, kwahiyo gia ya kwanza ambayo umezoea kuisukuma mbali na wewe sasa unaivuta upande wako, na Kigali ni vilima, unasimama kwenye mwinuko mkali nyuma kuna pikipiki imekugusa bampa, sio mahali pa kutafuta gia. Chukua otomatiki. Hata kama umeendesha Fuso miaka kumi, chukua otomatiki.

Baada ya hapo akatoa selotepu nyekundu mfukoni, akakata kipande kidogo kama urefu wa kidole, akashuka, akaniambia nipaki sambamba na ukingo wa barabara sehemu sahihi, akakibandika chini ya kioo cha mbele pale ambapo mimi nilipokaa nauona ukingo wa kulia wa barabara unakatiza. Sababu yake ni hii, na naomba muielewe vizuri kwa sababu ndio kitu kinachowaharibia wengi kuliko kusahau upande. Mtu aliyezoea kukaa kulia ya gari, mwili wake umezoea kuwa na gari nzima kushoto kwake na kiasi kidogo tu kulia. Ukimkalisha kushoto mwili unaenda pale pale ulipozoea kuwa kwenye njia, kwahiyo gari nzima inasogea kulia bila yeye kujua. Na kulia kwa Rwanda kuna nini? Kigali kuna ile mitaro ya mawe, mirefu na haina huruma na rimu, na ukitoka nje ya mji huko Rwamagana na Kayonza kulia kwako kuna baiskeli, watu wamebeba ndizi mikungu mitatu minne, madumu ya maziwa, mama na mtoto mgongoni. Wewe unajiona uko katikati ya njia yako vizuri kabisa kumbe saiti mira ya kulia inapita sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha mtu. Ile tepu ikawa ndio kipimo, ukingo wa barabara ukianza kuhamia kushoto ya tepu ujue umesogea kulia sana, rudi. Baada ya muda nikawa siiangalii tena lakini sikuiondoa mpaka naondoka.

Tukaanza na mitaa ya Kibagabaga ambayo imetulia, haina mabasi. Kabla ya kila kona ananiuliza unaenda wapi na anataka nijibu kwa sauti, "nakunja kulia, karibu", "nakunja kushoto, mbali". Kulia karibu, kushoto mbali, basi. Huku kwetu kukunja kushoto ndio kile kikona kidogo cha kubana na kukunja kulia ndio unasubiri wanaokuja wapite alafu unakatiza, kule ni kinyume, na hatari iko kwenye huo mwisho wa kona unapoinyoosha gari, mkono unataka kukurudisha upande uliozoea. Ukiwa umeshasema kwa sauti unaenda mbali, gari inaenda mbali. Nilimuuliza kwanini nisiseme kimya kimya moyoni akacheka akasema "mama, moyoni unaweza kujidanganya, mdomo mimi nausikia."

Akaniambia na kitu kingine ambacho kinasaidia kila mahali duniani: dereva anakaa upande wa katikati ya barabara, sio upande wa mtaro. Ukiona wewe mwenyewe umekaa karibu na mtaro ujue gari iko upande usio wake. Na hii inafanya kazi kama tu gari ina usukani wa nchi hiyo, ndio mana nasema kukodi gari ya kule ni bora kuliko kwenda na yako, na yako unanyimwa hata hicho kipimo rahisi kabisa cha kujua uko sawa.

Vipilefti ndio tulikaa navyo muda mrefu kidogo. Kule unaizunguka kwa kulia, gari zilizo ndani zinakujia kutoka kushoto, na ndio unaowapisha. Alinipitisha ile kubwa ya pale Kimihurura kwenye ukumbi wa mikutano wa Kigali, ile ya jengo la duara linalowaka taa usiku, tukaizunguka tukatoka, tukarudi, tukatoka njia nyingine, kila mara akiniambia "shingo kushoto, buhoro buhoro", yani pole pole. Kimuhimu ni kwamba hakuwa ananishikia usukani wala kupiga kelele. Kuna madereva wengi hata huku nyumbani wakikaa pembeni yako wanakanyaga breki hewani na kushika dashibodi, yule alikaa mikono mapajani na kuongea kama kawaida, na pale ambapo hakuna kona alinyamaza kabisa ili nisichoke kusikiliza. Hiki ni kipaji na kampuni iliyomuona na kumpa hii kazi inastahili sifa.

Alafu pikipiki. Moto, ndio bodaboda za Kigali, zina nidhamu kuliko zetu, abiria wote wamevaa helmeti, lakini ni nyingi na zinakupita pande zote, na wewe ambaye vioo bado hujavizoea ndio utaziona zimeshafika. Akanifundisha kabla ya kukunja kulia angalia kioo cha kulia mara mbili, mana moto inapenda kupita pale kati yako na mtaro. Zebra watu wanasimama kweli kweli, mwenda kwa miguu akikanyaga tu ule mstari gari zote zinasimama, usije ukashtukiza wa nyuma yako kwa kufunga breki kwa ghafla au ukapita ukaonekana mhuni. Kamera za mwendo, wenyewe wanaziita Sofia, ziko nyingi, kila ukiingia mji mdogo shuka kwenye spidi iliyoandikwa, mara 40 mara 60 mara 80, hakuna kujadiliana na kamera.

Kutoka Remera tulipita Giporoso tukashuka mpaka Sonatube wakati wa foleni, hapo ndio akasema sasa umeiva, unaweza kunirudisha ofisini.

Ila kabla hajashuka alinipa onyo ambalo naona ndio kiini cha huduma yote. Akasema watu hawapotezi upande saa ya kwanza, saa ya kwanza kila mtu anaogopa na yuko makini. Wanapoteza siku ya pili na ya tatu, wakishajiona wenyeji. Na wanapoteza mahali pale pale siku zote: unapotoka sheli ya mafuta, asubuhi na mapema barabara ikiwa haina gari hata moja ya kukuonyesha upande, ukigeuza gari na kurudi ulikotoka, na ukitoka kwenye njia ya vumbi nyembamba ambayo ulikuwa unapita katikati alafu unaingia lami. Sehemu zote hizo hakuna gari nyingine ya kufuata. Kwenye foleni huwezi kukosea, unamfuata wa mbele. Ni ule utulivu ndio unaua.

Na hili lina ushahidi hata nje ya hapa. Uswidi walikuwa wanapita kushoto, wakahamia kulia nchi nzima tarehe 3 Septemba 1967, asubuhi moja tu, na ajali zikashuka baada ya kuhama badala ya kupanda kwa sababu kila dereva alikuwa macho, alafu watu walivyozoea ajali zikarudi pale pale zilipokuwa. Yani mazoea ndio yalirudisha ajali. Kwahiyo mimi siku zote nilizokuwa na ile gari nilijiwekea utaratibu, kabla ya kutoa gari sehemu yoyote niliyopaki nasema kwa sauti "kulia", hata kama ndani kuna watu wananishangaa. Mama yangu mdogo tuliyekuwa naye alianza kunisaidia kusema, nikifunga mkanda tu na yeye anasema kulia. Nawashauri abiria wapewe hiyo kazi, inawafanya nao wawe macho na sio kukaa tu na simu.

Nilienda mpaka Musanze kwenye harusi na kurudi, ile barabara ya milimani yenye kona juu ya kona, na hapo ndio nilihisi tofauti kubwa na safari ya IST. Nyuma ya lori nasogea kidogo tu kushoto naona barabara nzima mbele, naamua mwenyewe, sihitaji mtu wa kuniambia bado bado. Kwa mwanamke anayesafiri na wazee au watoto ambao hawawezi kukuangalizia, hiyo peke yake inatosha kulipia kukodi.

Sasa malalamiko, na haya nimewaambia na wao wenyewe.

Tairi la spea lilikuwa kipara. Nilikagua mwenyewe nikiwa bado ofisini, wakabadilisha, lakini nisingefungua pale nyuma ningeenda nalo Musanze. Mafuta walinipa gari taa ya mafuta inawaka, wakati mkataba unasema irudi na mafuta kama ulivyoipokea, sasa hapo mnapimana nini? Piga picha ya dashibodi unapopokea. Mpira wa waipa ulikuwa umekwisha, na Kigali mvua ikiamua haibembelezi, tukanunua mwingine. Habari ya kwamba kutoka nje ya Kigali kuna nyongeza ya dola 10 kwa siku niliambiwa wakati nasaini, sio kwenye WhatsApp tulipokubaliana bei, na hii mimi naiona sio uungwana, wangesema mapema ningelipa bila neno. Dhamana nayo ilichukua muda kurudi, wanasema wanasubiri kuona kama kuna faini ya kamera itakayoingia mana faini inakuja kwa mwenye gari kwenye simu yake. Hiyo sababu naielewa kabisa, mteja aliyekuwa anarudisha gari siku ile alikuwa anaonyeshwa ujumbe wa faini na hakuwa na la kusema, ila muda wa kusubiri uandikwe kwenye mkataba, sio mtu unakaa unapiga simu kila siku ukiwa umesharudi kwenu. Hela ilirudi yote, nakiri hilo.

Na jambo moja ambalo ningependa waliongeze ni kipindi kifupi cha usiku. Nusu siku yote tulifanya mchana, usiku mambo yanabadilika, taa za wanaokuja sasa zinatokea kushoto kwako na macho hayajazoea kuzikwepa upande huo. Hata nusu saa ya jioni ingetosha. Nilimwambia meneja akasema atalifikiria, nami naamini wateja wengi wakiomba watafanya.

Kwa nyota nawapa nne kati ya tano. Dereva wa pembeni tano kamili, gari tatu, ofisi tatu na nusu.

Kuna watu wataniambia franga 15,000 za nini wakati YouTube ipo, ama rafiki anayeishi Kigali atanielekeza bure. Rafiki anaweza, kama ana subira na kama hana haraka ya kukuonyesha mji. Lakini rafiki mwenyeji hajawahi kupita kushoto, hajui mwili wako unakuvuta wapi, atakwambia tu "pita kulia" na wewe hilo ulishalijua toka Rusumo. Huyu amekaa na Watanzania na Wakenya wengi, anajua kabla yako kwamba kwenye kona fulani mkono wako utaenda wapi, na anaongea sekunde mbili kabla haujaenda. Hapo ndio hela inapokwenda.

Ukirudi nyumbani nako kuna kazi. Ukishazoea kulia mwili unachukua muda kugeuka tena, na barabara ya kutoka Rusumo kuja Benaco usiku haina gari nyingi za kukukumbusha. Wanaorudi na gari zao wapumzike kidogo upande wetu, wanywe chai, ndio waendelee.

Kwa atakayepiga simu kampuni yoyote kule, uliza haya kabla hujatuma hela: gari ni otomatiki? dereva wa pembeni ana uzoefu na watu wa usukani wa kulia au ni dereva yeyote aliyeko ofisini siku hiyo? bei ya nje ya Kigali ni ngapi? dhamana inarudi baada ya siku ngapi? spea ikoje? Na kama tarehe yako inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange kupokea gari asubuhi, ni umuganda, watu wote wako kwenye usafi na kazi za jamii kuanzia saa mbili mpaka saa tano na barabarani hutakiwi kuzurura, waambie wakuletee saa sita mchana, saa za Kigali.